Muhuri Mpya

Jumatano walipanda Kadutu na muhuri mpya.
Nsimire akalipa ushuru wa meza,
akapewa karatasi, wino haujakauka: MAMLAKA.
Akafungia nayo sambaza za mteja wa kwanza.
Hakusema kitu.
Bunduki haiulizwi baba yake nani.

Lakini usiku ule, mvua,
udongo ulipoangukia nyumba ya Cirhuza,
hatukumwita mwenye muhuri,
wala yule aliyetoroka na wa zamani mfukoni.
Tulimwita Mugisho, fundi bomba.
Akaja na beleshi na taa kichwani.
Wewe shika hapa, akasema. Wewe, nyamaza.
Na sisi, wabishi wa Bukavu, tukanyamaza.

Asubuhi, matope hadi viwikoni,
aliomba sambaza za mkopo.
Nsimire akampimia, akaongeza kiganja.
Karatasi haikutajwa.