Furu ya Katuba

Tofali la themanini na mbili lilikataa.
Kuba likashuka lote, polepole, kama mtu aliyechoka kusimama,
na jirani yangu Kapend, kidevu juu ya ukuta,
akauliza kama ninawajengea kuku kaburi.

Nikarudi kwenye kichuguu nyuma ya choo,
nikachimba udongo ambao mchwa walikwisha kuutafuna.
Safari hii mchanga kwanza: kilima kidogo,
nikakivisha magazeti yaliyoloa,
kisha matofali, moja moja, yakiinamiana.

Siku tisa za kungoja, Lubumbashi bila wingu.
Halafu, mlangoni, kwa kopo la sardini,
nikautoa mchanga,
kopo kwa kopo, shingo nimeikunja.

Utupu ukasimama.

Piza ya kwanza, ya nyanya na ndagala,
iliungua upande mmoja.
Kapend aliula upande huo.