Taa Isiyochoma

Mimi ni mchomelea vyuma. Miaka kumi na tisa
nimekula kwa mwanga nisioweza kuutazama,
uso nyuma ya kioo cheusi kama lami.
Najua tabia yake: huyeyusha, huunga,
huacha kovu kwenye bomba na kwenye mkono.

Kwa hiyo Daktari Müzeyyen alipotamka leza
nilisimama mlangoni, nikauziba.

Februari hiyo theluji ya Erzurum ilifika madirishani.
Tunahan, miaka minane, aliteremka mlimani
juu ya mfuko wa mbolea, akakutana na nguzo ya taa.
Jino la mbele halikung'oka. Lilibanduka
kipande kama punje ya mchele, basi.
Tukashukuru, tukamkaripia, tukalala.
Nalo likafa kimyakimya, kama mpangaji asiye na ndugu,
hata likageuka rangi ya chai ya juzi
na ufizi ukatunga jipu.

"Mzizi haujamaliza kujengwa," daktari alisema,
akabandika picha ya eksirei kwenye taa.
Nikaona bomba. Kuta nyembamba, mdomo wa chini wazi,
kazi ambayo fundi ameiacha akaenda kula,
asirudi.
"Nikilijaza tu litabaki hivi, gamba la yai.
Siku moja atauma tufaha, likatike."
Mama yangu, kitini: si wamwekee la bandia?
Jino la pembe si dawa ya pengo, mama,
na taya la huyu bado linakua.

Alilisafisha. Akaweka dawa, wiki tatu.
Kisha akapitisha sindano, nyembamba kama unywele,
ikavuka ncha ya mzizi, makusudi,
na damu ikapanda ndani ya jino lililokufa
kama maji katika kisima kilichosahauliwa.
"Iache igande. Hilo ndilo jukwaa la mafundi."
Akalifunika kwa saruji nyeupe.

Ndipo tukavaa miwani ya kijani, wote, hata mama.
Kalamu ndogo ikagusa ufizi, nukta nyekundu.
Nikangoja moshi.
Nikangoja harufu ninayoijua.
Nikahesabu sekunde arobaini, ngumi mfukoni.
"Inachoma?"
Tunahan akatikisa kidole: hapana.
Baadaye alisema ilikuwa kama kuguswa na mtu
anayefikiria jambo jingine.

"Mwanga haujengi," daktari alinionya akivua glavu.
"Unabisha hodi tu. Waliomo ndani, kama wamo,
labda wataamka. Sikuahidi."
Nilimpenda kwa hilo neno, sikuahidi.
Kwetu karakana kila mtu huahidi.

Mwezi wa sita: hakuna kitu, au ukungu.
Mwezi wa kumi na mbili akaweka picha mbili sambamba,
nami, ninayepima bomba kwa jicho tangu ujana,
niliona kabla hajaninyooshea kalamu:
kuta zimenenepa, upana wa uzi labda,
na ule mdomo wa chini umeanza kufumba.
Ni taa? Ni damu? Ni umri wake tu?
Daktari akainua mabega. Mama akamtaja Mungu.

Jioni ile tulikunywa chai kama wanywavyo hapa,
donge la sukari likibanwa menoni, chai ikipita juu yake.
Tunahan akanyoosha mkono bakulini.
Nilijua atakachosema Müzeyyen kuhusu sukari.
Nilinyamaza.
Akalibana kwa meno ya mbele,
yote mawili,
nami nikalitazama lile jino bila kioo.