Yol

Baba alikuwa dereva wa greda la kukwangua theluji
kati ya Zara na Divriği, majira kumi na tisa ya baridi.
Yol, alisema, ni hii: lami, kokoto,
vijiti vyekundu vya kuonyesha ukingo
theluji inapofuta vyote.

Lakini mama naye alikuwa na yolluk yake,
zulia jembamba la ujia wa nyumba,
sufi ya kondoo wa mjomba Hıdır.
Na yolluk hiyohiyo ilikuwa mayai mawili ya kuchemsha,
mkate na jibini, kitambaani,
kila alfajiri baba alipotoka.
Utotoni niliamini baba anakula zulia.

Ukaja mwaka wa zabuni.
Mkandarasi akamwaga lami nyembamba kama ganda la kitunguu
na baba akalisema ofisini, mbele ya watu,
neno letu la wizi wa mali ya umma:
yolsuzluk.
Kukosa njia.
Mhandisi Feridun alicheka hadi miwani ikamteleza.
“Mimi, mjenzi wa barabara, nikose njia?”

Wiki haikuisha, wakampa yol.

Ukimpa dereva yol, umempisha.
Ukimpa mfanyakazi yol, umempiga kalamu.
Baba alisimama mlangoni, theluji mabegani,
akasema, “Wamenipa njia,”
na mama, mikono ndani ya unga,
akauliza, “Ipi? Ya kwenda wapi?”

Bibi Şehriban alisema atakuja njiani,
ndivyo tusemavyo mtu akikubali yaishe.
Hakuja.
Alikaa dirishani akisikiliza bapa la greda la mwenzake.
“Ameliinua mapema,” alisema. “Pale konani. Mapema mno.”

Januari nikaenda Ankara kusoma.
Mama alimwaga maji nyuma ya gari, kama ada:
nenda kama maji, rudi kama maji,
yol yako iwe wazi.
Nusu ndoo. Kwa baridi ile
maji hayakwenda popote.
Yaliganda palepale mbele ya lango, yakang'aa.

Niligeuka kwenye kioo cha nyuma
nikamwona baba katoka bila koti,
ana karai la majivu ya jiko,
anayanyunyiza taratibu, ukingo hadi ukingo,
asije akateleza mtu.