Ripoti ya Mwaka 2094

Waliniambia: ichore kana kwamba imeshatokea.
Basi nikaanza na pambizo,
nikaliacha pana upande wa kushoto,
maji yapate pa kupandia.

Namba za kurasa zinazama.
Ukurasa wa tisa umebaki kichwa tu,
wa kumi na mbili ni kiputo.

Jedwali la mvua nimelitupa.
Mahali pake sangara anapita sokoni Kirumba
akiuliza bei ya watu.

Lushinge, mhariri, kaisoma kwa miwani ya kuazima:
"Wafadhili watasema tumelewa."
Na waseme, mradi wafunue ukurasa wa pili.

Ila ramani ya Igogo ndiyo iliyonikesha.
Mstari wa buluu, mwembamba kama uzi wa nyavu,
unapanda mawe, unakata bati
la jiko la mama.
Nikaushusha milimita tatu.
Nikaurudisha.
Umeme ukakatika kabla sijaamua.

Asubuhi mama kaleta uji, kainamia skrini:
"Hii nyumba ya nani, mbona haina mlango?"

Nikachora mlango.
Na mlangoni mtumbwi,
umefungwa kwa kamba ya kuanikia nguo.