Mtaa wa Sifa

Karani wa manispaa ya Sur alikuja na tarakilishi kwapani,
akataka kujua mtaa huu uliitwaje
kabla haujawa Njia 4117.
Wanywa chai wakatazamana.
Mmoja akasema, Mtaa wa Bahari.
Mwingine, Mtaa wa Matajiri.
Waongo wote wawili.

Mimi nikasema: Sifa.
Akafurahi, akaandika. Sikumfafanulia.

Sifa ni mafuta ya ini la papa,
ini lililochemshwa mpaka likajisahau,
yakapakwa mbao za vyombo zisinywe maji,
zisitobolewe na wadudu.
Masufuria kumi na manne, toka msikitini
hadi kwenye mzani wa Bin Ghubaish,
na moshi ulioingia hadi ndani ya mkate.
Binti wa hapa alioga marashi siku saba kabla ya harusi,
na bado mama mkwe alifungua dirisha.
Bibi yangu Zuwena alifunguliwa mawili.
"Tulinuka sisi," akisema, "ili wao wasizame."

Waliokoroga ni nani?
Hapa ndipo chai hupoa vikombeni.
Feruzi. Songoro. Tausi. Mabruki wa jicho moja.
Majina ya kito, ya ndege, ya baraka,
waliyopewa na watu waliowanunua.
Kiarabu kilikuwa cha mzani,
Kiswahili cha masufuria:
koroga, usitazame mlango.
Ndiyo maana mpaka leo nahesabu kwa Kiarabu
na nikiungua natukana kwa Kiswahili.

Mwaka wa nyangumi
alikuja mwenyewe, maiti, akalala upande wa Ayja.
Mkubwa kuliko msikiti, walisema.
Bibi: mkubwa kuliko deni.
Siku kumi na moja walikata na kuchemsha;
paka wakakimbia, kisha wakarudi, wakanona.
Usiku wa tisa Feruzi alizamisha mkono tumboni hadi begani,
akatoa bonge la kijivu linalonuka samadi,
na nyuma ya samadi kitu kingine,
kama nguo za watu wakitoka sala ya Ijumaa.
Ambari.
Alijua. Angeweza kuifukia mchangani;
alikuwa na usiku mzima na mwezi haukuwapo.
Akaipeleka mzanini.

Kwa nini? Nimeuliza.
Jirani yetu Dad Karim alisema: uaminifu.
Bibi akatema mate.
"Tausi alikuwa bado wa nyumba ile," akasema,
na hakusema tena hadi magharibi.

Daftari ninalo. Niliokota ghala likibomolewa.
*Kitu cha kijivu, ratili nane na robo. Kimeuzwa Bombei.*
Mstari wa chini yake, kalamu ileile:
*Kanzu moja, zawadi ya Feruzi.*
Na chini zaidi, wino umefifia, nilihitaji miwani:
*Bei ya kanzu imekatwa kwenye ujira.*

Kisha zikaja boti za faiba,
zisizohitaji kupakwa jasho la mtu.
Masufuria yakauzwa kwa kilo.
Moja lipo kwa Shofiqul kinyozi; amepanda mrehani ndani,
unastawi ajabu, wateja huchuma jani
wakalinusa wakiwa bado na povu shavuni.

Siku hizi meli za Qalhat hubeba gesi.
Gesi yenyewe, kijana wangu afanyaye kazi huko aliniambia,
haina harufu. Ile ya jikoni hutiwa harufu makusudi,
watu wapate kujua inapovuja.

Mwezi wa nane, unyevu ukipanda,
kuta za hapa hutoa jasho lao la zamani.
Wapangaji wapya hupiga simu kulalamika.
Karani yuleyule akaja, akanusa kona zote,
akafunua mifuniko ya maji machafu, akapiga picha.
"Sioni kitu, mzee. Inavujia wapi?"

Nikamwambia:
palepale ulipoandika.