Kreti la Kumi na Mbili

Makreti kumi na mawili yameshuka Ihumwa,
jua la saa saba likiyachapa migongo.
Kumi na moja yamepigwa tiki.
Hili la mwisho, anasema Sechelela, haliondoki.

Namjibu kwa heshima ya mtu mwenye deni:
Afisa, mbao ni mbao.
Cheti hiki hapa. Muhuri huu hapa ubavuni mwa kreti,
suke la ngano, herufi za nchi, namba ya kiwanda;
wamelioka huko kwao
nyuzi hamsini na sita, nusu saa, mpaka moyo wa ubao.
(Nimezikariri kama namba ya simu ya anayenidai.)
Nina milango arobaini ya ofisi moja Mtumba,
nina vijana wawili wananisubiri Chang'ombe
na randa zimenolewa tangu Jumatatu.

Hajibu. Anapiga magoti,
sare inashika vumbi jekundu la kwetu,
anachomeka ncha ya kisu kando ya muhuri
na kugonga mara tatu, kama mgeni mlangoni.

Unga unamwagika.
Laini, mweupe,
wa kujaza kizibo kimoja cha soda.

Unga huo ninaujua.
Nilikuwa na miaka saba, kwa bibi, Mvumi,
mwaka ule mvua iligoma, na mahindi ya msaada
yakaja kwa malori, tukayashangilia barabarani.
Tulikula. Yaliyobaki bibi akayamimina kwenye kilindo,
akaziba mdomo kwa samadi.
Alipofungua, punje zilikuwepo,
zina umbo, zina rangi,
ukizishika ni vumbi.
Mdudu hakuwa na jina. Watu wakampa jina la lori
lililomleta: Skania.
Jina tulimpa. Njia ya kumrudisha hatukuipata.

Sechelela anafukua. Buu limejikunja,
kichwa cha kahawia, nono kama kidole cha mtoto mchanga.
Limelala safari nzima, bahari, bandari, reli,
likitafuna kitanda chake.
Analitumbukiza kwenye kichupa cha spiriti, anaandika tarehe.
Huyu simjui, anasema, na hicho ndicho kinachonitisha.
Wa kwetu nawajua, na kigong'ota anawajua.
Huyu atakula bila kuulizwa.

Nataka kumwambia: ale nini?
Nchi yenyewe hii ya miiba, mkaa umeshaimaliza.
Naangalia ng'ambo ya uzio:
mgunga mmoja, mbuzi watatu kivulini mwake,
kivuli chembamba kama kanga iliyofuliwa miaka kumi.
Mmoja.
Mwenye msitu huibiwa akasahau;
mwenye mti mmoja huhesabu majani.

Lakini nani atanilipa?
Anachana fomu, nakala tatu, ya waridi ni yangu:
kurudishwa kwa gharama ya mwagizaji
au kuteketezwa kwa gharama ya mwagizaji.
Chagua, fundi.

Walilichoma saa kumi, kreti na vilivyomo.
Mbao zilikuwa nzuri, usifikiri,
zimenyooka, hazina hata kifundo,
zikatoa harufu ya msitu nisioujua.
Machozi yalinitoka kidogo. Moshi, nikamwambia.
Naye akakubali kuwa ni moshi.

Usiku, Chang'ombe. Vijana wamelala juu ya maranda.
Umeme umekatika, mbwa wa jirani kanyamaza.
Nimeweka sikio kwenye kreti la kwanza
kati ya yale kumi na moja.
Nabana pumzi.
Kuna kitu kinagonga, taratibu, tik, tik,
labda ni saa yangu ya mkononi.
Naivua. Naiweka mbali, dirishani.
Narudisha sikio.