Maji Safi Hayasemi

Mitungi thelathini, na hamali Mwaringa
ameipandisha ngazi miwilimiwili
hadi chumba chetu cha nyuma, hapa Tudor,
ambako bomba hukohoa Jumanne na Ijumaa
na siku nyingine hunyamaza kama mdaiwa.
"Haya yote," auliza, akijifuta shingo, "anywa nani?"
Si ya kunywa, namwambia. Ni ya kutazama.
Hacheki. Ahesabu pesa zake mara mbili.

Kisha abaki. Hatukumkaribisha wala hatukumfukuza.

Hodhi letu la kioo lina urefu wa vitanda vitatu:
huku kibao kinachosukumwa na mota ya mashine ya kufulia,
kule mwamba wa saruji nilioufinyanga mwenyewe
kwa kuukumbuka ule wa mbele ya Nyali,
pale maji yakipwa, mawimbi yavunjikapo meupe,
ukayaona kabla hujayasikia.
Dirisha tumeliziba kwa buibui kuukuu la Bi Zuwena,
anayedeki ghorofa hii, aliyetupa kwa sharti moja:
tusilitoboe.
Tumelitoboa. Hajajua.

Maji safi hayasemi. Hilo ndilo la kwanza.
Yatazame mchana kutwa: yaja, yarudi,
uso mtupu, jicho halina pa kushika.
Basi twayatia vumbi,
shanga za kioo zisizofika unene wa unywele,
uzito sawa na maji, zisizame, zisielee,
kijiko kimoja cha chai, nami nakipima
kama muuza zafarani.

Taa ikazimwa. Leza ikawashwa,
na ukuta wa kijani, mwembamba kama ukurasa,
ukasimama wima ndani ya maji.
"Lo," akasema Mwaringa. Hilo tu.

Kamera hupiga mara mbili, papo na papo hapo,
picha pacha ambazo si pacha.
Kompyuta huzikata vipande kama kashata,
ikauliza kila kipande: wewe na wenzako hawa,
mmefika wapi kufumba na kufumbua?
Jibu ni mshale.
Mishale elfu tatu kwa kila wimbi.

Nilifunzwa, nami nikafunza, kuwa wimbi ni mpita njia:
lenyewe lapita, maji yabaki.
Chembe hupanda, husonga, hushuka, hurudi. Duara.
Lakini duara halifungi.
Nimelipima mara mia na sita.
Chembe hubaki mbele kidogo, upana wa ukucha,
na wimbi la pili, ukucha wa pili,
mpaka maji yamejaa nyuma ya mwamba
yanatafuta mlango wa kutokea,
na mlango ukiwa mmoja, hutoka mbio.
Pale ndipo ndara ya mwanangu ilipoondokea,
maji ya magotini, siku isiyo na upepo.
Nikamwambia, bahari imetulia, itairudisha.
Na nilikuwa na shahada mbili.

"Mimi mitungi naijaza hadi shingoni," akasema Mwaringa gizani.
"Mtungi nusu hucheza. Teremka nao Makupa,
ukifika chini, ni maji yanayokusukuma wewe."
Akakaribia kioo. "Ila mishale yake sijawahi kuiona."
Nikaandika pambizoni, kando ya tarakimu:
Mwaringa, mtungi nusu. Tujaribu.

Saa kumi tukalifungua hodhi.
Bi Zuwena akaja mbio na ndoo mbili,
"Maji matamu hayo, wallahi, mwayamwaga!"
akateka alichowahi, akadeki korido yote,
nami nikakosa moyo wa kumwambia kuna vumbi.

Asubuhi, jua lilipoingia chini ya mlango,
sakafu ilimeta.
Niliinama. Shanga zilikuwa zimekauka kwa mistari,
nusu duara, nusu duara, kila moja ikisogea
upana wa kiganja mbele ya mwenzake:
mkono wa Bi Zuwena, wote, tangu ngazini
hadi mlangoni kwangu, alipopumzika.